Usijaze pumba za dingdong ukutani

Weka nyundo chini kwanza mkuu. Umesema nyumba ya mbao iko Njombe, fremu ya mbili kwa nne imesimama, nje umepiga bati, na Jumamosi unajaza kuta pumba za mbao kutoka dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, naylon ndani na nje. Hiyo nyumba nimeshaijenga. Na kuta zake nimeshazibomoa.

Pumba za dingdong ni mbichi! Gogo la msonobari limeangushwa juzi, leo linapasuliwa. Kamata konzi moja ukamue, uone kiganja kinavyolowa. Ukishazifungia kwenye naylon, maji yatokee wapi? Halafu jioni mnapika, mnachemsha ya kuoga, mnalala madirisha yamefungwa kwa baridi. Mvuke wote huo unapenya kwenye matundu ya misumari, unakuta bati la usiku wa Juni, unageuka matone. Unyevu wa mbao ukikaa juu ya asilimia 20, fangasi wamekaribishwa mezani.

Kwangu ilianza harufu. Mama watoto akasingizia soksi zangu, nikazifua kwelikweli. Nilipobandua ubao wa chini, bisibisi ilizama kwenye nguzo hadi mpini. Na pumba zenyewe zilikuwa zimeshuka, juu ya ukuta pamebaki uwazi wa kupitisha mkono, baridi inaingia bila hodi.

Fundi aliyenishikia bango naylon iwekwe "pumba zisilowe" alikuwa ameshakula hela yake yote. Nimempigia, ananiambia mbao zangu hazikuwa na bahati. Bahati! Na hapo anajiita mtaalamu wa nyumba za mbao.

Shika hili tu: maji yakiingia ukutani yapate pa kutokea. Tumia maranda ya seremala, ya mbao zilizokauka, uyaanike tena, uchanganye na boraksi kwa ajili ya wadudu na fangasi, ushindilie kidogo kidogo. Ukipata pumba za mpunga kutoka Mbarali ni bora zaidi, zina silika nyingi, haziozi kirahisi. Yafunike kwa mbao nyembamba, kisha acha upenyo kabla ya bati, wazi chini na juu, na wavu wa panya. Ndani ziba nyufa.

Ya dari na madirisha uliyouliza watakujibu wengine. Hiyo naylon umeshainunua? Kama hujaikata, irudishe dukani leo.