Mliofika Dar karibuni na mambo yamegoma, barua ya Yeremia isomeni yote

Wadogo zangu mlioshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi na begi na namba ya simu ya shangazi, sasa miezi inakatika, kila ofisi wanakwambia acha sivii tutakupigia, kodi ya geto inaisha na nyumbani wanajua umeshapata kazi, haya nayaandika kwa ajili yenu. Najua wengi wenu mmeweka Yeremia 29:11 kwenye stetasi, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Huo mstari umenibeba sana mimi mwenyewe kipindi kigumu, ndo maana naomba usiusome peke yake.

Ile ni barua kabisa. Yeremia aliituma toka Yerusalemu kwenda kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme wao Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo, watu waling'olewa kwao wakatupwa mji mgeni wasioujua. Na mstari wa 10, yaani jirani kabisa na huo tunaoupenda, unasema miaka 70. Sabini jamani! Rudi nyuma sura ya 28 utamkuta nabii mwingine anaitwa Hanania, yeye alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili tu Mungu analivunja kongwa la Babeli, na ungekuwepo siku hiyo nadhani hata wewe ungempigia makofi. Hanania akafa mwaka uleule. Babeli ikaja kuanguka 539 mikononi mwa Koreshi wa Uajemi, na huyo ndo akawaruhusu watu warudi kwao, neno la Mungu likasimama ingawa wengi waliosomewa ile barua wakiwa watu wazima walikuwa wameshafariki.

Nakazia hapo kwa sababu kina Hanania hapa mjini hawajaisha. Atatokea mtu akwambie panda mbegu ya laki moja, wiki hii kazi inatoka. Mdogo wangu, hela ya kodi usiiguse, Mungu haongezi uaminifu kwa sababu umelipia.

Sasa hiyo miaka yote waliambiwa wafanye nini, wakae tu? Hapana, mstari wa 5 mpaka wa 7 wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe wazae, tena wauombee amani mji uleule uliowateka. Mimi hapo ndo naona imani yenyewe ilipo. Ukipata kibarua cha saidia fundi au kubeba mizigo Kariakoo wakati unasubiri kazi uliyosomea, chukua, fanya vizuri, na huo mtaa wako hata kama ni kelele na mafuriko uombee kwa jina lake, kama ni Mbagala sema Mbagala.

Na kulia ruksa kabisa, asikutishe mtu kwamba ukilalamika imani imepungua. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu utanisahau hata lini, ya 88 yenyewe inaanza na kilio na inaishia gizani, na zote zimo kwenye Biblia. Elia aliomba afe, 1 Wafalme 19, na malaika hakumpa hata mahubiri, alimgusa akamwambia inuka ule, palikuwa na mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Kwa hiyo kama huna chakula ndani usijifungie ukasema unafunga na kuomba. Sema. Makanisa mengi hapa yana jumuiya za mitaani, wanasali nyumbani kwa watu, kwingine ni Jumamosi asubuhi mapema, na humo ndo utakuta mama anayejua nani anatafuta msaidizi dukani na nani ana chumba cha bei nafuu. Kama hujui wanakutana wapi muulize mjumbe wa mtaa au mama wa genge, Jumamosi hii hii uende.