Gasketi ya hedi imeungua mara mbili: je, niweke ya shaba?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 ya turbo. Niliifungia vali ya mkono ya kuongeza busti, yaani mgandamizo wa hewa inayosukumwa na turbo, ikapanda kutoka bar 0.8 hadi 1.2. Baada ya miezi minne gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ikaungua. Tukabadilisha, gari likatulia kabisa hapa Nairobi. Juzi nikashuka nalo Mombasa, na siku ya kurudi, nikipanda mlima kutoka Mazeras, likachemsha tena. Fundi wangu anasema nifunge gasketi ya shaba na stadi za ARP, zile za kukamata hedi badala ya boliti. Ni gasketi gani itahimili busti hii?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa gharama ya mara mbili. Kabla ya habari ya shaba, nikuulize: gasketi zile mbili zilizotoka ziko wapi? Kama bado zimetupwa pembeni gereji, kazifuate leo. Gasketi iliyoungua ndiyo shahidi wako. Itazame ile pete ya chuma inayozunguka tundu la silinda. Ikiwa imepondeka au imekatika, hasa katikati ya silinda mbili zilizo jirani, mgandamizo uliizidi nguvu. Ikiwa pete ni nzima lakini kuna njia ya kutu au weusi inayotoka kwenye silinda hadi kwenye tundu la maji, basi hedi na bloku hazikukaliana sawasawa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na gasketi ya shaba haitibu hata mmoja.

Tuanze na nguvu zenyewe. Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, yaani eneo la sentimita za mraba 66 na nusu. Mgandamizo wa kuungua ukifika bar 80, hedi inasukumwa kwa zaidi ya tani tano na robo, kwenye silinda moja, kila mara plagi inapowasha. Upande mmoja wa injini hii una silinda mbili na boliti sita tu za kuikamata hedi. Boliti hizo zinatosha kwa kazi hiyo, kwa sababu mafuta yanapoungua vizuri mgandamizo hupanda kwa mpangilio, ukafika kileleni pistoni ikiwa imeshaanza kushuka.

Balaa ni injini inapogonga. Mafuta yaliyosalia pembeni mwa silinda yanalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia, na mgandamizo unaruka ghafla kama nyundo. Hedi inainuka kwa unywele, gesi ya moto inapenya, na ile pete inaanza kuliwa. Mara nyingi dereva hasikii kitu, maana ekzosi na redio vimemeza mlio. Kwa hiyo chomoa plagi zote nne, umulike kaure yake nyeupe kwa tochi. Ukiona vidoa vyeusi kama pilipili manga, au chembe ndogo zinazometa kama fedha, injini imekuwa ikigonga, na hizo zinazometa ni alumini ya pistoni zako. Nikiziona chembe hizo, mimi siagizi gasketi mpya kabla ya kujua injini inagonga kwa nini.

Na kwako nina hakika ya sababu moja, kwa maelezo yako mwenyewe. Vali ya mkono inajua busti juu ya hewa ya nje tu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya nje ina mgandamizo wa bar 0.83 hivi. Ukiongeza 1.2 yako, injini inavuta jumla ya bar 2.03. Mombasa hewa ya nje ni bar 1 na ushei, kwa hiyo geji ileile inayosoma 1.2 ina maana ya bar 2.2. Umeongeza karibu asilimia 9 bila kugusa kitu, tena kwenye joto la pwani, huku intakula ya Impreza, yaani kipoza hewa ya turbo, ikiwa imelala juu ya injini na kuchomwa nayo kila unaposimama kwenye foleni. Halafu ukakanyaga mafuta kupanda Mazeras, pengine kwenye gia kubwa na injini ikizunguka chini ya mara 3,000 kwa dakika. Hakuna hali mbaya kuliko hiyo kwa injini ya turbo. Gari lililopangiwa busti Nairobi linapaswa kupunguziwa busti kabla ya kushuka pwani, na kwenye mlima rudisha gia, uiache injini izunguke.

Liko pia suala la petroli na kompyuta ya injini. EJ20 nyingi za turbo zilizokuja kutoka Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa ya oktani 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo. Ukiongeza busti bila kuandikiwa upya programu ya kompyuta, taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, inabaki ya mbele mno na mafuta yanapungua pale yanapohitajika zaidi. Mtafute anayepima mchanganyiko kwa kihisio cha ekzosi injini ikivuta kwa nguvu. Kwenye busti kamili mimi napenda kuona sehemu 11 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli, na taimingi iliyorudishwa nyuma mpaka kugonga kunyamaze. Ukipoteza nguvu kidogo hapo, kubali.

Sasa kufunga. Kwa gari la barabarani chukua gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, ile inayofungwa kwenye EJ za turbo. Gasketi hii ni imara sana ila haisamehe uso mbovu. Nimewahi kupokea hedi iliyosafishwa kwa brashi ya msasa ya mashine ya mkono: inang'aa kama sarafu, lakini nilipolaza rula ya chuma na kupitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kulikuwa na bonde kati ya silinda mbili. Hedi ipelekwe mashineni, na uso wa bloku upimwe vilevile, jambo ambalo wengi hulisahau. Zaidi ya milimita 0.05 za kupinda, usifunge. Silikoni usipake.

Matundu ya boliti yakaushwe mpaka chini. Maji au oili ikibaki humo, boliti inasukuma kimiminika badala ya kuvuta hedi, toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) inalia wakati boliti haijakamata chochote, na bloku yaweza kupasuka. Paka oili kwenye uzi na chini ya washa. EJ hukazwa, ikalegezwa kabisa, ikakazwa tena kwa nguvu ndogo, kisha ikazungushwa kwa digrii 80 hadi 90, mara mbili. Namba za hatua za mwanzo zinatofautiana, fuata kitabu cha injini yako hasa.

Stadi za ARP ni kitu kizuri na sikukatazi, mradi zikazwe kwa grisi yake na kwa namba zake, si za Subaru. Shaba ni ya magari ya mashindano: inataka waya wa kuziba uliochongewa mfereji kuzunguka silinda, na huwa inavujisha maji.

Ukishafunga, jaza kulanti polepole, ukianzia kupitia paipu ya juu ya rejeta, kwa sababu injini hii, ambayo silinda zake zimelala ubavu, hukamata hewa. Vifuniko vya presha viko viwili, kimoja kwenye tangi dogo karibu na turbo na kingine kwenye rejeta. Havifanani nguvu, usivibadilishane. Kisha rudi kwenye bar 0.8 kwa wiki chache. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, bonyeza paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu baada ya kulala usiku kucha, au chupa ya akiba imejaa kupita jana, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, hata kama hakuna moshi mweupe.

Ukiipata ile gasketi ya pili, usiifute. Ipige picha pande zote mbili, pamoja na plagi nne zikiwa zimepangwa kwa mfuatano wa silinda zake, unitumie kabla hujanunua chochote.