Fyuzi imekatika, fundi ataka kufunga waya

SWALI: Salaam aleikum fundi. Kaka yangu aliniletea amplifaya kutoka Marekani, nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Nikanunua adapta ya plagi Mwembe Tayari, nikachomeka, ikalia pah! ikazima. Fundi wa mtaani kaifungua, asema ni fyuzi tu, atafunga kiwaya iwake. Kinachonitatiza, chaja ya laptopu iliyokuja nayo yatumia adapta hiyo hiyo na haina neno. Nimruhusu? – Msomaji wa kike, Likoni.

JIBU: Waalaikum salaam, dada. Usimruhusu.

Adapta uliyonunua hubadilisha umbo la meno ya plagi, haishushi hata volti moja. Chaja ilinusurika kwa sababu iliundwa ipokee volti 100 hadi 240. Soma kibandiko chake utaona. Amplifaya yako haikuundwa hivyo. Umeme wa 120 ukishageuzwa kuwa DC (umeme wa mkondo mmoja) hufika kama volti 170, kwa hivyo watengenezaji mara nyingi huweka kapasita (kidude cha kuhifadhi umeme) ya volti 200, na yatosha. Wetu wa 240 ukigeuzwa hufika karibu 340. Kapasita ile haina pa kukimbilia.

Sasa hiyo fyuzi. Kila wiki naletewa kifaa kilichofungwa waya mahali pa fyuzi, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na mwenyewe huapa kwamba "fyuzi ndiyo iliyokuwa mbovu." Fyuzi haikuwa mbovu! Ilifanya kazi yake. Katika vifaa vingi, nyuma tu ya fyuzi kuna varista, kidude bapa cha duara, mara nyingi cha buluu. Kikipata volti kupita kiasi hupitisha umeme mwingi kwa ghafla, fyuzi ikakatika, vilivyo mbele vikasalimika. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwako, na amplifaya ingali nzima. Lakini varista iliyoungua mara nyingi hubaki imepiga shoti. Funga kiwaya, na shoti ile ile itatafuta pengine pa kukatia: diodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), njia ya shaba kwenye bodi, au waya unaopita nyuma ya pazia lako.

Fundi wa kweli atapima varista, diodi na kapasita kwanza. Ataweka fyuzi ya ampia zile zile zilizoandikwa kwenye bodi. Kisha atawasha kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye amplifaya: balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, shoti bado imo, na hakuna kilichoungua zaidi. Na hata hapo asiiwashe kwa 240. Nunua transfoma ya kushusha hadi 120, yenye wati mara mbili ya zilizoandikwa kwenye amplifaya. Iwe nzito mkononi. Vile vidude vyepesi vinavyouzwa kwa wasafiri vingi vyake ni vya pasi na vikausha nywele tu, vitaimaliza amplifaya. Ile 60Hz, yaani kasi ya mapigo ya umeme, isikutie hofu kwa amplifaya. Ingekuwa feni au santuri yenye mota ya AC (inayoendeshwa na umeme wa ukutani moja kwa moja), ingezunguka polepole kwetu kwenye 50Hz.

Na nyote mnaosoma, fungueni plagi zenu. Redio na taa ya mezani zina waya mwembamba, zinataka fyuzi ya ampia 3, ile nyekundu. Nyingi nazozikuta zina ya 13, ya kahawia, inayoachilia zaidi ya wati 3,000 zipite bila kukatika. Waya ule utashika moto kabla ya fyuzi kujua. Hapa pwani chumvi ya baharini hula meno ya soketi, mguso ukalegea, joto likapanda; nimeona plagi zilizoyeyuka hadi meno yakabaki ukutani.

Dada, kabla hajagusa chochote, mwambie huyo fundi akuonyeshe fyuzi mpya na mita ya kupimia. Akikosa kimojawapo, beba amplifaya yako uondoke.