Bastola kiunoni, nyati kichakani

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 27, ninajifunza kazi ya mwindaji bingwa katika kitalu kimoja upande wa Rungwa, na huu ni msimu wangu wa pili. Mwaka jana tulimfuata nyati aliyejeruhiwa, na tangu siku ile usingizi wangu si mzuri. Nina bastola ya milimita 9 ninayoimiliki kihalali kwa kujilinda mjini. Mgeni wetu mmoja kutoka Marekani alinionyesha picha zake za Alaska, kila mtu ana rivolva kifuani, akaniambia ni ujinga kuingia kichakani bila silaha ya pili. Je, niwe ninaivaa tukifuata nyati au simba? Na kama ni kuvaa, kiunoni au kifuani? – Msomaji, Manyoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Sheria kwanza, maana ni fupi. Wageni hawaruhusiwi kuingiza bastola nchini kwa ajili ya uwindaji, na kwa nyati, simba na tembo bunduki ya chini kabisa ni ya kipimo cha 375. Bastola yako ulipewa kwa kujilinda mjini. Usiifikishe kitaluni kabla hujapata jibu la maandishi kutoka kwa waliokupa kibali, na mwindaji unayejifunza kwake awe analijua.

Sasa twende kwa mnyama. Dume la nyati lililokomaa linafika kilo 700 na zaidi, na likikujia linakimbia karibu kilomita 55 kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde. Kile kichaka cha Itigi unakijua mwenyewe. Ukimwona kwa mita 20 una bahati, na hapo umebakiwa na sekunde moja na ushee. Anakuja pua juu, anakutazama, na kichwa hakishushi mpaka amekufikia apate kukupiga pembe. Ubongo umejificha nyuma ya mifupa ya uso, na juu yake pembe zimekutana zikawa ngao. Risasi ya 375 inatoka na nguvu ya joule zipatazo 5,800. Rivolva ya 44 Magnum, ile ya kwenye picha za mgeni wako, ni kama 1,400. Yako ni 500 hivi. Bastola yako haiivunji ile ngao, na ukikosa ubongo kwa upana wa vidole viwili nyati hatajua kama umempiga.

Mgeni wako hakusema uongo. Mwaka 2016 huko Alaska, mwongoza wageni mmoja alimwangusha dubu kwa bastola ya milimita 9 kama yako, akiwa na risasi nzito na ngumu. Askari wa Denmark wa kikosi cha Sirius, wanaozunguka Greenland kwa sleji za mbwa, hubeba bastola za milimita 10 kwa ajili ya dubu weupe. Ninawaheshimu. Lakini dubu hana pembe zilizoungana kwenye paji la uso, na watu wale mara nyingi wanakutana naye wakiwa kwenye shughuli nyingine, mmoja anavua samaki, mwingine anafunga mizigo. Wewe unamfuata mnyama unayejua ameumia, bunduki yako tayari iko mikononi. Ukiona nyasi zinatikisika, utaiachia bunduki ili uchomoe bastola?

Nauliza kwa sababu nimemwona aliyefanya hivyo. Ilikuwa 1994, huko huko Rungwa, jioni, ndorobo wametuuma hadi shingo zimevimba. Mgeni alimpiga nyati nyuma sana, na damu ilikuwa imechanganyika na majani ya tumboni. Tulikuwa wanne: mimi, mzee wa Kikimbu aliyesoma nyayo, mgeni, na kijana aliyekuwa msaidizi wangu. Kijana yule alikuwa na bastola ndani ya shati na mimi sikuwa na habari. Nyati alifanya wanavyofanya, akapinda akarudi kando ya njia yake mwenyewe akatungoja. Alipotoka ubavuni, kijana aliiacha 458 yake ianguke, akachomoa bastola, akapiga mara nne. Mzee wa nyayo alikuwa katikati. Risasi moja ilipasua kibuyu chake cha maji, hapa mbavuni. Nyati nilimpiga mimi chini ya jicho, kwa mita sita. Mzee alishika kibuyu kile, maji yanamtiririka mguuni, hakusema neno mpaka tulipofika kambini. Usiku ule kijana aliniambia jambo ambalo sijalisahau: bila ile bastola asingeingia kichakani karibu namna ile.

Hapo ndipo ninapokuogopea wewe. Chuma kile cha kiunoni kinampa mtu ujasiri ambao hakina uwezo wa kuulipia.

Lakini sitakuficha upande wa pili, maana upo. Mwaka 1903, katika hifadhi ya Sabi ambayo leo ni sehemu ya Kruger, Afrika Kusini, askari wa wanyama Harry Wolhuter aliangushwa kutoka juu ya farasi na simba. Bunduki ikamponyoka. Simba akamburuta kwa bega la kulia. Wolhuter akapeleka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo mpaka kiuno cha kulia, akakipata kisu chake, akamchoma simba mpaka akamwachia. Akapanda mti, akajifunga kwa mkanda asije akazimia akaanguka, na mbwa wake akamzuia simba wa pili asikaribie. Kisu kile kimehifadhiwa Skukuza, kambi kuu ya Kruger, hadi leo. Kilichomwokoa ni kitu kilichobaki mwilini bunduki ilipopotea. Bastola ingeweza kufanya kazi ile ile, na kwa chui zaidi, maana chui ana kilo 60 hivi na hapendi kumaliza mtu mmoja. Anamrarua huyu, anamrukia yule. Ukimkuta juu ya mwenzako, mdomo wa bastola unaugandamiza kwenye mwili wa mnyama kabisa ndipo unafyatua, na unaangalia kwanza nani yuko upande wa pili. Hata hivyo, kumfuata chui sisi tulipenda bunduki ya marisau makubwa.

Kwa nyati, silaha yako ya pili ni mtu. Ni yule mwenye bunduki nzito anayesimama hatua mbili kando yako, wala si nyuma yako, na mmekubaliana kabla ya kuingia nani anapiga upande gani. Baada yake ni risasi yako ya pili. Fanya mazoezi ya kukoki bila kuishusha bunduki begani. Mimi nilifanya kila asubuhi kwa risasi za bandia, mara 20, hata msimu ukiwa umefungwa. Risasi nne za ziada ziwe mahali pamoja siku zote, pale mkono unapofika gizani. Usiingie mara tu baada ya kupiga. Ngoja nusu saa, sikiliza kama atalia ule mlio mrefu wa kufa, tazama damu: yenye povu la waridi ni ya mapafu, naye haendi mbali, yenye majani ya tumboni ni siku ndefu.

Na usingizi wako, mwanangu, mweleze mwindaji wako. Mwambie wazi. Nilikaa miezi mitano bila kumwambia mtu habari ya kibuyu kile, na kila nyayo niliyofuata katika miezi ile niliifuata vibaya. Ukiambiwa ukae nyuma kwa safari mbili tatu, kaa.

Umeuliza kiunoni au kifuani. Kama kibali kitapatikana na mkubwa wako ataridhia, ivae kifuani, kwenye kifuko chenye kifungo cha kubana. Kiunoni utailalia ukiangushwa ubavu, na kwenye gari itakusumbua kutwa. Kifuani mikono yote miwili inaifikia. Jifunze kuichomoa kwa kushoto.