Beki mfupi amtazame Carles Puyol, lakini aanze na miguu kabla ya moyo

Swali la wiki hii liliuliza: "Beki wa kati asiye mrefu na asiye fundi wa kuchezea mpira amtazame nani, na ajifunze nini hasa kwake?" Jibu langu ni Carles Puyol wa Barcelona na timu ya taifa ya Hispania. Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye kazi, kwa hiyo naomba nafasi niieleze.

Puyol akitajwa, neno la kwanza huwa moyo. Alikuwa nao, hakuna ubishi. Ila kocha wa vijana akilishika neno hilo peke yake, kijana atatoka mazoezini amejifunza kupiga kelele na kujirusha chini. Puyol alikuwa na urefu wa mita 1.78, wakati mwenzake wa katikati, Gerard Piqué, alikuwa na mita 1.94. Mtu wa kimo hicho hachezi mechi 593 Barcelona na mechi 100 za taifa kwa ujasiri mtupu. Aliijua kazi, na kazi hiyo inafundishika.

Alizaliwa Aprili 13, 1978, La Pobla de Segur, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Lleida, Catalonia. Utotoni alikaa golini, baadaye akacheza mbele, na Barcelona walimchukua mwaka 1995 akiwa na miaka 17, umri ambao wengi wa pale La Masia, shule ya soka ya vijana wa Barcelona, wanakuwa wameshalelewa na klabu kwa miaka. Kocha Louis van Gaal alimpa mechi ya kwanza Oktoba 1999, akiwa beki wa kulia. Kuzunguka namba zote hizo hakukumpotezea muda. Aliyewahi kuwa kipa anajua ni shuti gani linamsumbua kipa, na aliyewahi kuwa straika anajua straika anapenda kukimbilia wapi. Kocha mwenye kijana wa miaka 12 anayemng'ang'aniza beki ya kati msimu mzima anamnyima elimu hiyo.

Jina lake lilikua Oktoba 21, 2000, winga Luís Figo, aliyeihama Barcelona, aliporudi uwanja wao wa Camp Nou na jezi ya mahasimu wao Real Madrid. Uwanja mzima ulikuwa ukimzomea Figo, na Puyol, miaka 22, alipewa kazi moja: popote aendapo, uwe naye. Barcelona walishinda 2–0. Kukaba mtu kwa mtu kunaonekana rahisi, kumbe kosa ni moja tu na wengi hulifanya: beki anagandamana na mgongo wa winga. Winga akishakuhisi mgongoni anakuegemea, anajua uko upande gani, anageukia upande wa pili, na umeachwa. Umbali mzuri kabla mpira haujafika ni ule ambao ukinyoosha mkono vidole vinamgusa kwa shida. Simama upande wa goli lako, bega moja limelielekea goli na jingine mpira, mguu mmoja nyuma ya mwingine. Pasi ikiwa njiani una uamuzi mmoja. Ukiwa na hakika ya kuufikia kwanza, pita mbele yake uukate. Kama huna hakika, sogea ufike pamoja na mpira, ili mguso wake wa kwanza aufanye akitazama goli lake. Winga aliyeligeuzia goli letu mgongo hana krosi wala shuti.

Kuhusu kuteleza, ambako ndiko watoto humuiga zaidi: ni hatua ya mwisho. Mpira uwe umemtoka mshambuliaji kwa hatua nzima, uingie kutoka ubavuni, mguu wa chini ukunjwe ili uweze kusimama mara moja. Ukiingia kutoka nyuma unagonga kisigino kabla ya mpira. Ndani ya boksi, kaa wima.

Mfano bora wa kukaa wima ulikuwa Oktoba 2002, Ligi ya Mabingwa, Barcelona na Lokomotiv Moscow. Kipa alikuwa ameshapitwa na goli liko wazi. Puyol hakumkimbilia mwenye mpira, alikimbilia goli, akasimama kwenye njia ya shuti na kulizuia kwa kifua, pale penye nembo ya klabu. Picha ya nembo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Ninachoomba mabeki wakitazame ni zile sekunde mbili za kabla yake. Kipa wako akitoka na kupitwa, usimfuate mpigaji kwa sababu hutamfikia. Kimbia kati ya mpira na katikati ya goli, punguza mwendo kabla hajapiga, mikono iwe nyuma au imebana mwili, kisha umngoje. Wengi hufika wakiwa bado kwenye kasi, mpigaji anahamisha mpira kidogo tu na wao wanapitiliza hadi wavuni.

Chini ya kocha Pep Guardiola, kuanzia 2008, kazi ilibadilika. Beki wa kulia Dani Alves alikuwa akipanda mno, mstari wa ulinzi ukisimama karibu na katikati ya uwanja, na nyuma yake kukawa na mita 40 au zaidi za nyasi tupu. Piqué alianzisha mashambulizi kwa pasi, Puyol alifuta makosa. Anayefuta makosa hatazami mpira muda wote. Kila pasi inapopigwa anageuza shingo kuangalia nani yuko nyuma yake. Kisha anatazama mguu wa adui mwenye mpira: kama amebanwa na ameinamia mpira, mstari unaweza kupanda, na kama ameinua kichwa na hakuna anayembana, beki anarudi hatua tatu nne kabla ya pasi ndefu kuondoka. Akirudi baada ya pasi kupigwa ameshachelewa, awe na mbio za namna gani. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Roma mwaka 2009, Alves akiwa amefungiwa, Puyol alirudi kulia na Yaya Touré akashuka kati na Piqué, na Manchester United walifungwa 2–0 bila timu kuyumba. Aprili 2011, nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, alipangwa kushoto ingawa mguu wake ni wa kulia. Beki wa namna hiyo anamrahisishia kocha maisha.

Sasa kichwa, ambacho kwa beki mfupi ndicho chenye utajiri. Julai 7, 2010, Durban, nusu fainali ya Kombe la Dunia, dakika ya 73. Xavi anapiga kona, Puyol anatokea nje ya boksi, anaruka juu ya kila mtu, Piqué akiwemo, na Ujerumani wanafungwa 1–0. Mwaka mmoja nyuma, Mei 2, 2009, alikuwa amefunga kwa kichwa Bernabéu kwa mpira wa adhabu wa Xavi huyohuyo, siku Barcelona walipowafunga Real Madrid 6–2. Hakukuwa na bahati hapo. Aliyesimama wima chini ya mpira anaruka kwa nguvu za mapaja tu, lakini aliyetoka mbali anageuza kasi kuwa kimo. Mpira wa kona hukaa hewani kama sekunde moja na nusu hadi kufika jirani na alama ya penalti, na kutoka ukingo wa boksi hadi hapo ni hatua nne au tano. Kwa hiyo hesabu ni hii: usiondoke mpigaji anapoinua mkono, wala anapoanza kukimbia. Ondoka mguu unapogusa mpira. Ruka kwa mguu mmoja, mikono ikipanda pamoja na mwili, macho wazi, piga kwa paji la uso. Anayekukaba anapata tabu kwa sababu hawezi kukutazama wewe uliye nyuma na mpira ulio mbele kwa wakati mmoja.

Kinachoharibika mara nyingi ni kuwahi. Mchezaji anafika chini ya mpira nusu sekunde kabla, anasimama, na faida yote ya mbio imepotea. Mazoezini, seti tatu za krosi sita zinatosha kwa siku. Seti ya kwanza isiwe na mpinzani kabisa, ya mwisho iwe na mabeki wawili. Kwa watoto, muda wa kuruka ufundishwe kwa kudaka mpira kwa mikono juu, si kwa kugonga vichwa.

Udhaifu wake nao tuutazame, maana unafundisha. Fainali ya Kombe la Dunia Johannesburg, siku nne baada ya mechi ya Durban, dakika ya 83, Arjen Robben, winga wa Uholanzi, alimtoka kwa mbio. Puyol, miaka 32 na tayari ana kadi ya njano ya dakika ya 16, alimshika. Robben hakuanguka, akaendelea, kipa Iker Casillas akauwahi mpira. Angeanguka, Hispania huenda ingemaliza na watu kumi. Kosa halikuwa kule kumshika. Lilianza kabla, alipokubali kuwa bega kwa bega na mtu mwenye mbio kuliko yeye huku uwanja mzima uko wazi. Beki asiye na mbio anapaswa kuwa ameshampa winga mita mbili tatu mapema.

Na mwili ulidai malipo yake. Goti lilimkosesha Euro 2012, na Oktoba mwaka huohuo kiwiko kiliteguka wakicheza na Benfica. Machi 2, 2014 alifunga dhidi ya Almería, siku mbili baadaye akatangaza kwamba ataondoka mwisho wa msimu, akisema operesheni mbili za mwisho zilimzuia kurudi kwenye kiwango anachokitaka. Mchezo wa kujirusha na kuruka una gharama, na beki kijana anayeuchagua aanze mapema kuimarisha misuli ya paja, ya mbele na ya nyuma, mara mbili kwa wiki, na asirudi uwanjani goti likiwa bado linavimba.

Mwenye muda wa mechi moja tu, achague ile ya Durban. Asifuate mpira. Kwa dakika kumi amfuate Puyol peke yake, ahesabu amegeuza shingo mara ngapi.