Pingamizi la Speyer lilikuwa hatua ya kisheria

Ndugu, umeandika kwamba Waprotestanti walipata jina lao kwa kumwasi Papa. Kwa heshima, jina hilo lilitokana na pingamizi la kisheria (kwa Kilatini protestatio) lililotolewa katika baraza la Dola Takatifu la Kirumi huko Speyer, Ujerumani, mwaka 1529.

Mwaka 1526 baraza hilo liliafikiana kwa kauli moja kwamba kila mtawala aendeshe mambo ya dini katika eneo lake kama atakavyoweza kujibu mbele ya Mungu na Kaisari, yaani mtawala mkuu wa dola hilo, Karolo wa Tano. Miaka mitatu baadaye wingi wa kura, uliokuwa wa Wakatoliki, uliyatengua makubaliano hayo. Tarehe 19 Aprili wakuu wachache, yaani watawala wa maeneo waliofuata mafundisho ya Luther, akiwemo Johann wa Saxony na Philipp wa Hesse, walisoma pingamizi lao wakati Ferdinand, nduguye Kaisari, alikwisha kuondoka ukumbini. Walipompelekea maandishi aliyarudisha, nao wakaandikisha rufaa rasmi, huku miji 14 ikiwaunga mkono. Hoja yao ya kwanza ilikuwa ya kisheria kabisa: jambo lililoamuliwa na wote haliwezi kufutwa na walio wengi. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba katika utukufu wa Mungu na wokovu wa roho kila mtu husimama peke yake mbele za Mungu, hivyo kura haina nguvu hapo.

Inasikitisha kwamba baraza hilohilo lilithibitisha adhabu ya kifo kwa Waanabaptisti, yaani Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, na wakuu hao hawakuwatetea.