Nywele za kijani zimemeza mawe yangu
Ami anajibu maswali ya wasomaji kuhusu matangi ya samaki wa maji ya chumvi

Swali. Ami, shikamoo. Ninakuandikia kutoka Kisauni, Mombasa. Nina tangi la lita 300 la maji ya bahari, lina miezi minane sasa. Ndani mna wale samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kitatange mmoja, na mawe ya matumbawe niliyouziwa pamoja na tangi. Liko sebuleni, karibu na dirisha la upande wa magharibi. Tangu masika iishe mawe yameota nywele za kijani, urefu wa kidole. Nazinyofoa leo, wiki ijayo zimerudi. Maji nachota kwenye hori la Tudor, ni karibu na kwetu. Yakipungua naongezea maji ya kisima cha nyumbani. Nawalisha dagaa wa kusaga asubuhi na jioni. Nimepima nitrati na kipimo kinasema sifuri, basi uchafu uko wapi? Muuza samaki anasema nichukue samaki aina ya kangaja watatu ili waule huo mwani, au ninunue dawa ya kuuua. Nifuate lipi?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Usifuate hata moja kwa sasa. Umenieleza vizuri, na kitu kilichonishtua kwenye barua yako si dagaa wala dirisha, ni kisima.

Mombasa yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na mwamba ule umejaa matundu. Maji hupenya upesi. Choo cha shimo kikiwa jirani na kisima, kinachozama chooni kinafika kisimani, na nitrati, ambayo ni chakula cha mwani, ni katika vitu vinavyofika bila kizuizi. Maji yenyewe utayaona maangavu, hayanuki, na kuyachemsha hakuondoi nitrati hata kidogo.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka nitrati kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 50 kwa lita. Tuseme kisima chenu kimegota hapo hapo kwenye 50. Tangi lako, likiwa wazi juu, joto letu hili na panka linazunguka, laweza kupoteza lita 4 kwa siku. Kwa mwezi ni lita 120 za kisima ulizoongeza, zenye miligramu 6,000 za nitrati. Gawanya kwa lita 300: umelitia tangi miligramu 20 kwa kila lita, mwezi mmoja tu, kabla hujamwaga hata chembe ya chakula. Maji ya juu juu ya bahari, kule nje kwenye miamba, hayafiki hata miligramu 1. Na tangi likipoteza maji kwa mvuke, ni maji matupu yanayoondoka. Nitrati inabaki, mwezi unaofuata inaongezwa nyingine.

Utaniuliza, mbona kipimo kinasema sifuri? Kwa sababu mwani umeshakula. Unapima yaliyobaki, na hakikubaki kitu. Ni kama kwenda kutazama sufuria baada ya watoto kushiba. Watu wengi hudanganyika hapa, wanaona sifuri wanasema maji yao ni safi, kisha wanahangaika na dawa. Chukua kipimo hicho hicho ukapime maji ya kisima, ukisoma jedwali la maji baridi, si la maji ya chumvi. Nina hakika kubwa jibu lako liko humo.

Basi maji ya kuongezea utayapata wapi? Nenda kwenye maduka yanayojaza mitungi ya maji ya kunywa, yale yenye mashine ya kuondoa chumvi. Beba kipimo kidogo cha TDS, yaani cha jumla ya madini yaliyoyeyuka majini, kile cha kutumbukiza, usione haya mbele ya muuzaji. Ikisoma chini ya 10 chukua. Ikisoma 80 au 100 jua kichujio chao kimechoka au wanarudishia madini. Jaribu duka jingine. Maji ya mvua yanafaa yakikingwa moja kwa moja angani au kwenye turubali safi. Yaliyopita kwenye mabati hapana, maana mabati hutoa zinki, na konokono na matumbawe hawaivumilii. Maji yanayotona kwenye mashine ya kiyoyozi nayo yaache, yamepita kwenye mabomba ya shaba. Wala usije ukaona bora uongezee maji ya bahari badala ya kisima. Lita 120 za bahari zina kilo 4 na zaidi za chumvi. Mwezi mmoja wa kuongeza hivyo unatosha kulitoa tangi lako kwenye gramu 35 kwa lita mpaka karibu 49, na samaki hao hawatakuwa na wewe tena.

Maji ya kubadilisha ndiyo ya bahari, lakini si ya hori la Tudor. Hori lile linapokea maji machafu ya mji. Toka uende upande wa bahari kuu, Nyali au Shanzu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, uchote maji yakiwa yanajaa na yamekaribia kikomo. Wakati huo bahari inaingiza maji ya nje juu ya mwamba. Yakishaanza kutoka, unachota yaliyoshinda ufukweni pamoja na kilichooshwa humo. Masika usichote kabisa; weka akiba mapema. Yachuje kwa kitambaa kizito, yatie kwenye pipa la plastiki la chakula lenye kifuniko, uweke pampu ndogo iyazungushe gizani wiki mbili ndipo uyatumie. Badilisha lita 40 kila wiki.

Dagaa wa kusaga ni wa pili kwa lawama. Dagaa husagwa na mifupa yake, na mifupa ina fosforasi nyingi, inayogeuka fosfati majini, nayo ni chakula kingine cha mwani. Halafu ule unga samaki wako hawaudaki wote, wanadaka kidogo na mwingi unatua nyuma ya mawe. Wape vipande vidogo vya kamba au vya samaki mbichi, uvioshe kwenye chujio la chai kwanza, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Mara moja kwa siku kinawatosha. Kitatange mwangalie kwa makini asikose fungu lake, hao huwa wazito kula wakinyanyaswa.

Dirisha: weka pazia zito. Jua la alasiri linalisha mwani na kupandisha joto. Ukiweza kuyaweka maji kwenye nyuzi 25 hadi 27 tutashukuru. Taa ya tangi saa 8 kwa siku, uiwekee saa ya kujizima.

Kuzing'oa hizo nywele kuna namna yake, nami naona ndipo wengi wanapojirudisha nyuma. Ukinyofoa kwa mkono tu, vipande vinaelea, vinatua jiwe jingine, vinaota. Zima pampu, maji yatulie. Chukua mpira wa kufyonzea, mwembamba wa unene wa kidole kidogo, ufunge mswaki mgumu mdomoni mwake kwa vifungio viwili vya plastiki, nyuzi za mswaki zitangulie kidogo. Ncha ya pili iweke kwenye ndoo, juu yake umetandaza kitambaa. Sasa sugua jiwe huku mpira unavuta. Kila uzi unaokatika unaingia mpirani papo hapo. Zile ndefu zisokote kidoleni kwanza, ung'oe na kishina chake, uzipeleke mdomoni mwa mpira. Lita 40 za ile ndoo ndizo za kubadilisha wiki hiyo, kwa hiyo hujapoteza kitu. Jiwe linalotoka kirahisi litoe kabisa, ulisugue kwenye beseni la maji ya bahari. Ukimaliza, kamua kitambaa uone fundo la kijani lililobaki: sehemu kubwa ya nitrati na fosfati ulizotia mwezi mzima imo humo, na hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuzitoa nje ya nyumba. Wakulima wa mwani wa Zanzibar, tangu kilimo chao kianze mwaka 1989, hawatii mbolea. Mwani unajichotea wenyewe kutoka majini, wao wanavuna. Nawe vuna, kila wiki, bila kukosa.

Kangaja sasa. Lita 300 ni chumba kidogo kwa kangaja mmoja mkubwa, sembuse watatu. Watapigana mpaka wauane. Kisha samaki akila mwani hauondoi tangini, anaurudisha kwa mlango mwingine. Na nywele ndefu kiasi hicho hawazipendi, wanapenda chipukizi. Kwa hiyo sugua kwanza, halafu weka konokono kumi hivi wala-mwani, wakalinde mawe yasiote upya. Usiwaokote ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari, ni kosa.

Dawa ndiyo siitaki hata kidogo kwa tangi lililojaa hivyo. Ukiua mwani wote kwa mkupuo, utaoza ndani. Bakteria wanaouozesha watamaliza oksijeni usiku, na alfajiri utawakuta samaki wako wanahema juu ya maji. Vile vyakula vyote vilivyokuwa vimefungwa kwenye mwani vitarudi majini.

Ujue pia kwamba mawe yako yamenyonya fosfati miezi yote hii, na yataendelea kuitoa polepole hata ukirekebisha kila kitu leo. Jipe miezi mitatu au minne. Mwani ukipungua ndipo kipimo kitaanza kusema kweli. Tafuta nitrati kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfati karibu miligramu 0.05. Usikimbilie sifuri. Tangi lililokaushwa kabisa chakula hupatwa na dinoflajeleti, kamasi za kahawia zenye mapovu, na nyingine zina sumu inayoua konokono. Heri nywele zako kuliko hizo.

Niandikie kipimo cha kisima kilisema nini. Nataka sana kujua.

Swali. Nipo Mbezi, Dar es Salaam. Tangi langu lina wiki tatu, mchanga na vioo vimepakwa vumbi la kahawia. Nimwage maji nianze upya?

Jibu. Usimwage! Hao ni diatomu, viumbe vidogo sana jamii ya mwani, na karibu kila tangi jipya huwapitia. Wanatumia silika iliyomo kwenye maji, mchanga na mawe mapya kujengea magamba yao. Ikipungua na wao wanapungua, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Pangusa vioo na uache mchanga ulivyo. Kinachonihangaisha zaidi ni wiki tatu zenyewe: je, umeshapima amonia na nitriti, zile sumu za tangi jipya? Mpaka zote mbili zisome sifuri, samaki asiingie.

Swali. Shikamoo Ami. Niko Tanga. Utando mwekundu umefunika mchanga wangu, unateleza, una vipovu. Jamaa wa duka la dawa amenishauri nifungue vidonge vya antibiotiki nimwage majini. Ni kweli inafanya kazi?

Jibu. Marahaba. Huo si mwani, ni sayanobakteria, yaani aina ya bakteria, kwa hiyo antibiotiki inaweza kuwaua, na ndiyo sababu ushauri huo unasambaa. Lakini pia inaweza kuwadhuru bakteria wanaokusafishia amonia, na maji hayo ukiyamwaga mtaani unawafunza vijidudu vya wanadamu kuizoea dawa. Dawa hiyo waachie wagonjwa.

Tazama utando umekaa wapi. Mara nyingi ni pale mkondo wa maji haufiki, nyuma ya mawe au pembeni. Elekeza pampu hapo. Fyonza utando wote kwa mpira. Unabanduka kwa vipande vipana, hauhitaji mswaki. Kisha zima taa siku tatu, funika tangi kwa shuka nzito, na uache pampu ya hewa ikitoa mapovu usiku na mchana. Tafuta yenye betri, umeme ukikatika usiku samaki wasikose hewa. Siku ya nne fungua, badilisha robo ya maji, washa taa kwa muda wa saa 4 tu, ukiongeza saa moja kila siku mpaka zifike 8, na ufyonze kila kiraka chekundu kingali kidogo.